Jambo Jema la Kumpelekea Mama Mkwe

Muuguzi aliponiwekea mtoto kifuani nilimwambia asante, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake aushikie kidogo. Kisha nikaanza kumngoja mwenyewe aje auchukue. Nilingoja muda mrefu sana kabla ya kukubali kwamba mwenyewe ni mimi.

Mtoto huyo sasa anasoma nasari. Ana pengo mbele na mdomo usiopumzika. Ninaweza kumtazama akirudi kutoka shule, soksi moja juu na nyingine chini, bila kugeuza uso, na ndiyo maana nimepata nguvu ya kuandika. Ikiwa umejifungua juzi na unautafuta moyo wa mama huupati, au ikiwa ni mke wa ndugu yako amelala kutwa akitazama ukuta, haya ni yako. Mimi si daktari. Ninachojua ni habari za benchi, vidonge na mama mkwe.

Tunaishi mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kibwezi. Wakati huo mume wangu Kioko alikuwa fundi wa pancha za malori kule Mtito Andei, na nyumbani alikuja Jumapili, kucha zikiwa nyeusi kwa grisi. Mimi nilibaki na shamba na mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo, karibu kiasi cha kusikia akikohoa.

Binti yetu alizaliwa mvua za vuli zikianza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi akaitwa Mbithe, kama bibi yake. Na kwa kuwa mke hatamki jina la mama mkwe hivi hivi, mimi nilitakiwa kumwita mtoto Mwaitu, yaani mama. Ni heshima tu, kila nyumba kwetu hufanya hivyo. Lakini mwenye jina hushikwa na furaha ya ajabu, maana amezaliwa upya akiwa bado anaishi. Mama mkwe alikuja na mbuzi wa maziwa, zawadi ya wajina wake, akaingia chumbani akiimba.

"Nipeni mimi nijione!" alisema.

Nikageuka nikautazama ukuta.

Sikukusudia kumkosea. Mwili wangu ulikuwa umekuwa mzito na mwanga wa mlangoni uliniumiza. Lakini yeye alisimama pale na leso yake mpya ya kumbebea mtoto, na wimbo ukaisha. Nilisikia akimwuliza dada yake Kioko kwa sauti ya chini, "Huyu, jina yangu imemwasha wapi?"

Kwetu, anayemkataa mtoto aliyepewa jina amemkataa mwenye jina. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Maziwa yangu yalipokauka, walisema ni kwa sababu nimemnyima mama mkwe. Mtoto alipolia nami nikakaa tu, mikono mapajani, walisema ninamwadhibu mzee wa watu. Jumapili Kioko alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwikali, mama alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Sasa mbona unamfanyia hivi? Ama tubadilishe jina ya mtoto?"

Nilikuwa ninawaza kwamba labda wanasema kweli. Labda mimi ni mwovu kiasi hicho na sikuwahi kujua. Kila kosa walilonitajia nililipokea mikono miwili. Mke wa mchungaji alikuja kuniombea, akanishauri nitubu, nikatubu chuki ambayo sikuwa nayo, na alipoondoka nikajiona mwovu zaidi, maana sasa nilikuwa nimetubu uongo.

Majirani walikuwa shambani wakipanda. Nilisikia majembe yao tangu alfajiri, na kila pigo nililisikia kama linanisema mimi niliyelala. Nywele zilitoka kwa viganja nikichana. Gauni la ujauzito lilikuwa likining'inia mwilini kama gunia kwenye kijiti. Kuna asubuhi nilizotamani zisingefika, na hilo pia niliona ni dhambi, nikaliongeza juu ya nyingine.

Mama mkwe alivumilia mpaka mahindi yalipoanza kuota. Siku hiyo alimkuta mtoto amelowa na mimi nimekaa kando yake nikimtazama kana kwamba ni wa jirani. Hakupiga kelele. Alimfunga mgongoni, akachukua kamba ya mbuzi na kopo la uji.

"Kama hunitaki mkubwa," alisema, "basi nitajilea mwenyewe mdogo."

Akavuka korongo. Nitasema jambo ambalo lilinichukua miaka kulisema: nilipata nafuu. Nilijilaza nikalala usingizi mzito, na nilipoamka nilijua kwamba mama anayelala hivyo baada ya kunyang'anywa mtoto hastahili kupewa mwingine wala kurudishiwa huyo.

Kilichoniokoa ni mizani ya kliniki. Mama mkwe alikuwa akimpeleka mtoto kupimwa uzito katika hospitali ya misheni, na safari moja muuguzi akamwuliza mama yake mtoto yuko wapi.

"Mama yake ni mimi, na mtoto pia ni mimi," alijibu. Alikuwa ameshakuwa na jibu hilo tayari.

"Na aliyemzaa?"

"Huyo amenikataa."

Muuguzi hakucheka. Alimwambia safari ijayo aje na mimi, la sivyo hatampima mtoto. Basi tulienda, yeye mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma kama mshtakiwa. Muuguzi alinitazama macho, akaniuliza maswali machache kuhusu kulala na kula na kulia, akaniandikia nimwone daktari. Daktari akasema huu ni ugonjwa, huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, na unatibika.

Utadhani nilifurahi. Nilikata tamaa. Dhambi ningeweza kuitubu, lakini ugonjwa ningeufanya nini? Tena niliona nimemdanganya daktari, kwamba nimepata kisingizio cha bure cha uvivu wangu.

Vidonge alivyonipa vilinikausha mdomo hadi ulimi ukawa unashika kwenye kaakaa. Mikono ilitetemeka kidogo, nikamwaga chai. Na kila baada ya majuma kadhaa nilirudi kukaa kwenye benchi. Kliniki yetu ilikuwa siku moja na ya macho, basi majirani nikawaambia ninatibiwa macho. Wakawa wananiuliza miwani itatoka lini. Mzee mmoja kwenye benchi, mwenye jicho lililofungwa pamba, aliniambia, "Wewe macho yako ni mazuri, sijui wanakutafutia nini." Nilimpenda mzee yule. Hakuwa na la kunilaumu.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magongo. Humo ndimo alimokaa Sista Nduku, muuguzi wa makamo aliyekuwa amesomea ushauri nasaha. Niliingia nikiwa nimejipanga. Nilikuwa na makosa yangu yote, yamefuatana tangu la kwanza. Nikaanza. Alinisikiliza mpaka nikafika mwisho, kisha akauliza:

"Na leo, nini imeenda vizuri?"

Nilidhani hakusikia. Nikaanza tena.

"Hayo nimeyashika," alisema. "Sitayatupa. Nakuuliza ya leo. Hata kitu kidogo."

Nilikasirika. Nimesafiri na mzigo wangu wote, mtu ananiuliza habari za mazuri kana kwamba tuko arusini! Kisha nikaona aibu.

"Nimefika hapa."

"Na wewe ulifanya nini ndio ukafika?"

"Nilivaa viatu."

"Haya. Tuanze na viatu."

Ndivyo matibabu yalivyoanza, na nilimwona mwanamke mwepesi wa akili. Lakini alikuwa na macho. Aliona vidole vyangu vinasokota ncha ya leso, akauliza vinatafuta nini. Nikamwambia nilikuwa nikisuka vyondo, vikapu vyetu vya katani, na kwamba kabla ya ujauzito wanawake wa kikundi chetu walinipa mimi kazi ya kuanzisha kitako, maana changu hakipindi. Akataka nimweleze kitako huanzishwaje. Nilieleza, na katikati ya maelezo nikagundua nimeinua kichwa. Akaniambia nije na katani safari ijayo, nisikae bure kwenye benchi. Alisema kuna watu hutafuta tu palipovunjika, na yeye anatafuta pia palipobaki pazima, maana hapo ndipo mtu husimama akijenga upya.

Kisha akanipa kazi ambayo karibu inikimbize. Kila jioni nimwambie mtu mmoja wa nyumbani jambo moja lililokwenda vizuri siku hiyo, na niseme mimi nilifanya nini likaenda hivyo.

"Mume wangu yuko Mtito."

"Hakuna mwingine?"

Alijua yupo. Alikuwa nje kwenye benchi, akimpa mtoto maziwa ya mbuzi.

Jioni ya kwanza nilivuka korongo miguu ikikataa. Mama mkwe alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi, mtoto amelala mgongoni mwake, kichwa kikiyumba kila mchi ukishuka.

"Leo nimekunywa uji wote," nilisema.

Akaendelea kutwanga. "Hata mimi nimekunywa. Tupigiwe makofi?"

"Ni sista alisema nikuambie."

"Ehe. Na nini ingine?"

"Niliupika mwenyewe."

Mchi ukasimama kidogo. "Haya, nimesikia," akasema, na ukaendelea.

Nilirudi kila jioni. Leo nimefagia. Leo nimeanzisha kitako. Leo nimelala bila kuamka. Sehemu ya pili ndiyo iliyonitesa, ile ya kusema mimi nilifanya nini. Kila nilipojaribu, sauti ndani iliniambia: umefagia nyumba isiyo na mtoto, unajisifu? Nilimwambia Sista Nduku kwamba ninapotaja jema ninajiona kama mtu anayeiba. Akauliza ninamwibia nani. Nikasema, mtoto. Hakubishana nami. Alisema nilichukue hilo jema na hiyo hatia, nivibebe vyote viwili mpaka ng'ambo, nione ni kipi kitachoka kwanza.

Mama mkwe naye alianza kunisubiri, ingawa asingekubali. Nilikuta kigoda kimewekwa. Siku moja alikuwa na kisa chake: yule mbuzi ametafuna suruali ya Kioko ya kanisani kwenye kamba, goti zima limekwenda, na Kioko alikuwa ameahidi kuja kesho yake kwa harambee.

"Atasimama mbele ya watu na goti moja inachungulia," alisema, na akaanza kucheka, nami nikacheka, kicheko cha tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau. Mtoto alitutazama, huyu kisha yule, naye akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Nilienda nyumbani nikalia mpaka nikatapika. Mtoto wangu alikuwa ameshajifunza kucheka na mimi sikuwapo. Na nilikuwa nimekaa pale nacheka, mimi niliyemtoa mgongoni kwangu. Kesho yake sikuvuka korongo. Vidonge niliviacha kwenye kopo, nikijiambia wapo wagonjwa wa kweli wanaovihitaji. Siku ya kliniki ilipofika nililala. Nilirudi kwenye ukuta wangu, na ulikuwa umeningoja.

Ndengu za msimu wa pili zilikuwa zinavunwa. Nilisikia kikohozi cha mama mkwe kikija, karibu, karibu zaidi, mpaka mlangoni. Alikuwa na mtoto ubavuni. Aliingia bila kubisha, akaketi juu ya debe.

"Nimengoja habari yangu," alisema.

"Sina."

"Basi leo nitasema mimi. Huyu amesimama. Ameshika mbuzi masikio, akasimama."

"Sikuona," nilisema, na machozi yakaanza.

"Si ndio nimekuletea! Ungeona, ningetembea ya nini na hizi magoti?"

Mtoto alikuwa akivuta uzi wa katani uliokuwa umening'inia kwenye kiondo changu ambacho hakikuisha. Kisha mama mkwe akasema, akiutazama uzi badala yangu, "Mwikali, nilijua ni mimi umekataa. Hata kanisani nikifunga macho, nilikuwa nakushtaki. Lakini mtu ananichukia hawezi kuja kila jioni kuniambia ati amekunywa uji."

"Sikukukataa, mwaitu."

"Mbona haukusema?"

"Nilikuwa ninakubali kila kosa. Hata mngesema nimezuia mvua, ningekubali."

Alinitazama, akatikisa kichwa. "Sasa mvua umeachilia, maana ndengu ni mingi. Inuka unisaidie kupura."

Niliinuka. Sikuinuka kwa sababu nilikuwa nimepona. Niliinuka kwa sababu aliniambia, na njiani alinipa mtoto nimbebe, akisingizia magoti. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinukia moshi wa jikoni kwa bibi yake.

Nilirudi kwenye vidonge na kwenye benchi. Sista Nduku hakunigombeza. Aliuliza tu nini kimeenda vizuri, nikasema, "Amesimama, na mimi nimembeba." Aliandika kitu, na nikaona macho yake yamelowa, akasingizia vumbi la stoo.

Kuanzia hapo ilikuwa polepole, na polepole hiyo sitaipamba. Zilikuwapo siku za ukuta. Lakini mbaazi zilipovunwa nilikuwa ninamwogesha mtoto kwa mama mkwe, kisha ninamlisha, kisha ninamlaza, kisha ninarudi kwangu peke yangu. Kiondo kilikwisha. Kitako hakikupinda.

Mvua za vuli ziliporudi, mama mkwe alivuka korongo na mtoto, kifurushi cha nguo, na mbuzi kwa kamba yake. Aliviweka vyote ndani. "Ni wako," alisema. Mtoto alipoona bibi yake anatoka peke yake alipiga ukelele ambao ninausikia hadi leo. Alinisukuma kwa mikono miwili. Nilijiambia, ndiyo hii adhabu, imechelewa tu njiani. Mama mkwe hakugeuka. Nilimwona akishuka korongoni, ile leso ya kumbebea imekunjwa mara nne kwapani, na nikajua kwamba kupona kwangu kumemwachia mtu mwingine mgongo mtupu.

Watu huniuliza kama hatia imekwisha. Haijaisha. Hunitembelea bado, hasa mtoto akiugua, akamwita bibi yake kwanza. Sista Nduku alisema mtoto anayelia akiachwa ni mtoto aliyependwa, na kwamba hilo pia ni jema, hata kama halikufanywa na mimi. Ninalishika. Siku nyingine linashikika. Na wewe unayesoma, ukiwa bado kwenye ukuta, usingoje hatia iishe ndipo uvae viatu. Vaa tu, mwende pamoja.

Jioni iliyofuata siku ile aliponirudishia mtoto, nilimfunga mgongoni nikavuka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda changu. Moto haukuwashwa, na kinu kilikuwa kimefunikwa. Mtoto alipomwona alirusha miguu, nikamfungua, akaenda kwake kwa kutambaa, akapanda mapajani.

"Habari ya leo?" nikamwuliza. Siku hizo tulikuwa tunapokezana.

Alimshika mtoto kichwa. "Leo sina," alisema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akikosa. Nilichuchumaa, nikawasha moto, nikaipa mikono cha kufanya. Kisha nikasema, "Mimi ninayo. Leo nimelala na mtoto wangu."

"Hiyo ni nzuri. Ni yako."

"Sista anasema lazima tutaje aliyefanya ikaenda vizuri. Mbithe ndiye aliyefanya."

Jina lilitoka kabla sijalizuia. Sikuwahi kulitamka mbele yake, wala kumwita mtoto kwalo. Nilingoja anikemee. Aliangalia moto ukishika, kisha akamvuta mtoto karibu, akamfuta kamasi kwa ncha ya ile leso.

"Yupi?" akauliza.

"Mkubwa."

Alinyoosha mkono, akasukuma kuni moja ndani zaidi ya moto.

"Kesho mlete mapema," akasema. "Nisianze kutafuta la kusema nikiwa peke yangu."